Birmingham na mama: tuanzie wapi?

Wakuu, mwezi ujao nitampitisha mama Birmingham, Uingereza, kwa siku moja. Alikuwa fundi cherehani, anapenda kuona kazi za mikono kuliko maduka. Tuanzie wapi?

— Mtaa wa masonara, Jewellery Quarter. Kiwanda cha Smith & Pepper kilifungwa 1981, zana zikaachwa mezani vilevile; sasa ni makumbusho. Nilisimama pale nikamkumbuka marehemu baba, naye alikuwa sonara. Sikutaka kutoka.

— Ongeza Back to Backs, nyumba za vibarua zilizopeana migongo. Wekeni nafasi mapema, mnaingia na kiongozi. Ngazi ni nyembamba, magoti ya mama yakoje?

Magoti mazima, asanteni. Na chakula?

— Balti, mchuzi wenye viungo, kule mtaa wa Sparkbrook. Wapakistani wa huko wanakupakulia kwenye karai lilelile lililopikiwa, unamega kwa naan.