Mchango wa watoto wa kwateti: nirudishe au tusafiri?

Mlezi wa Nyuzi: Habari za jioni wakuu. Niko Nyakato, Mwanza. Nina vijana wanne wanapiga kwateti: violini mbili, viola na selo. Wamepata nafasi kushindana Nairobi mwezi ujao. Mtaa umechanga kama wa harusi: jumuiya, wauza dagaa wa Mwaloni, hadi bodaboda wa kijiweni. Tumefikisha 1,860,000. Sasa kuna mabadiliko madogo kwenye kundi, baadhi ya watu wanadai hela zao. Hivi mchango hurudishwa? Siku ya tatu sijalala.

Konda Mstaafu: Hilo selo mtalipakia wapi? Njia ya Sirari nimeila miaka 9. Usikubali liingie kwenye buti, joto la kule linaachia gundi. Likatie siti. Kuna mzee wa bendi alinibishia, tunafika Musoma gitaa lake shingo huku, tumbo kule.

Bi Kirumba: Mchango ukishatoka umetoka. 2019 nilichangia harusi, bwana harusi akaingia mitini. Pilau tulikula. Nani alirudishiwa?

Ngosha wa Igoma: Mabadiliko gani? Mbona hapo unaparuka?

Mlezi wa Nyuzi: Mpiga viola haendi. Masharti yanataka asizidi miaka 18 siku ya fainali, yeye anatimiza 19 siku nne kabla. Nimeliona wiki iliyopita.

Ngosha wa Igoma: Kadi ya mchango ilikuwa na picha ya nani?

Mlezi wa Nyuzi: Yake. Mama yake yuko Mwaloni, ndiye aliyezunguka na daftari meza kwa meza. Ila kadi iliandikwa "vijana wetu", hakuna jina la mtu. Na nafasi imeshajazwa.

Ngosha wa Igoma: Na nani?

Mlezi wa Nyuzi: Binti yangu. Kabla hamjanirukia: anapiga violini tangu ana miaka 8. Mlitaka watatu wakose kwa ajili ya mmoja?

Bi Kirumba: Eeh! Kumbe ndiyo maana hulali.

Chai Maziwa: Hii ni chai, tena ya tangawizi. Kwateti Nyakato? Picha hakuna. Halafu mtu wa violini ahamie viola ndani ya wiki moja! Haya mkuu, viola husomwa kwa ufunguo gani?

Mlezi wa Nyuzi: Ufunguo wa C, mstari wa kati. Nyuzi zake C, G, D, A, kwinti moja (noti tano) chini ya violini. Wanapiga Haydn, usiniite mwongo. Na binti hakuanza wiki hii, huo ufunguo anausoma tangu Februari, kila jioni akitoka shule.

Chai Maziwa: Neno chai nimelifuta. Viola ipo.

Ngosha wa Igoma: Februari? Na masharti uliyaona lini vile?

Mwalimu wa Solfa: Tusimchome mwenzetu. Kwaya yetu iliwahi kwenda Bukoba kwa meli, usiku kucha, mwimba besi wetu tegemeo akaamka hana sauti hata ya kuomba maji. Hatukumwacha gatini. Tulimkalisha benchi la mbele na sare yake, na picha ya kombe amo. Mchukueni huyo dada, awafungulie kurasa wakati wa mazoezi, mama yake atawaelewa.

Mlezi wa Nyuzi: Wazo zuri mwalimu, ila tiketi nimeshakata. Watoto wanne, mimi, na siti ya sita ya selo. Hela imeishia hapo.

Konda Mstaafu: Ya siti nilisema mimi, nimeirudisha. Niambie mnapanda basi gani, nitaongea na vijana wangu. Selo nitalipakata mwenyewe mpaka Sirari.

Ngosha wa Igoma: Februari, mkuu. Bado hujanijibu.