Riwaya ya miungu ya China imeniangusha. Kati ya hivi vitatu, nichukue kipi?

Kibatari
Wakuu, nimemaliza riwaya mpya ya miungu ya China na roho inaniuma. Jina silitaji, mwandishi bado mchanga. Joka lake linatema moto na kulalia dhahabu pangoni. Jamani, joka la China ni la maji, ndilo linaloleta mvua! Halafu Chang'e, aliyekunywa dawa ya kutokufa akapaa mwezini akamwacha mumewe Hou Yi, yule aliyetungua majua tisa kati ya kumi, humu kawa binti wa kugombewa na wanaume wawili. Ule upweke wake wote haumo.
Sasa nataka vya kale. Mwezi huu namudu kimoja: *Safari ya Magharibi* (riwaya ya kale ya mtawa anayekwenda India kufuata maandiko ya Kibudha, akisindikizwa na tumbili mwenye nguvu za ajabu) nzima kwa Kiingereza cha Anthony Yu, juzuu nne, ile fupi ya Arthur Waley ya 1942, au hadithi fupi za maajabu za Pu Songling.

BintiMwambao
Pole ndugu yangu. Kama kilichokuuma ni joka, chukua Yu. Humo Mfalme Joka wa Mto Jing anawekeana dau na mpiga ramli kuhusu mvua. Ili ashinde, anaichelewesha na kuipunguza kidogo tu kuliko amri ya mbinguni. Anahukumiwa kifo, na anayemkata kichwa ni waziri Wei Zheng, akiwa usingizini! Mbingu yao ni serikali: ina vyeo, madaftari na adhabu. Waandishi wa leo wanabeba majina, serikali wanaiacha, ndiyo maana miungu yao haina cha kuogopa.

Mzee_Rafu
Kweli, ila sura 100 kwa mtu aliyekwishachoka ni nyingi. Waley ana 30 na anakwenda mbio. Serikali hiyo utaikuta humo pia: Sun Wukong, yule tumbili, anapewa kazi ya kutunza farasi wa mbinguni, anafurahi, kisha anaambiwa cheo chake ni cha chini kabisa. Anarudi mlimani kwa hasira.

BintiMwambao
Shikamoo mzee. Lakini Waley kaacha mashairi karibu yote, na majaribu mengi ya njiani hayamo.

Tumaini_K
Kibatari, mimi naona kilichokuuma zaidi ni Chang'e. Basi Pu Songling. Alishindwa mtihani wa jimbo, ule wa kutafuta kazi ya serikali, mara nyingi, akafundisha watoto wa matajiri, akafa 1715 kitabu hakijachapwa. Hadithi zinakaribia 500, nyingine ukurasa mmoja tu. Mbweha anajigeuza mwanamke, anampenda msomi fukara, siku moja anaaga. Hakuna anayegombewa. Kuna kuachwa, na nyumba iliyobaki kimya.

Kibatari
Tumaini, umenisoma. Nachukua Pu Songling. Binti, juzuu ya kwanza ya Yu unaweza kuniazima?

BintiMwambao
Ninayo, ila itunze. Kurasa za Mto Jing nimezipigia mistari kwa penseli, usizifute.