Ukungu mweusi chumbani kwa watoto, Nakuru. Nianzie wapi?

MamaWawili_Nax: Hamjambo wenzangu. Tumepanga hapa Lanet tangu Januari. Mvua ya Aprili ilipoanza, ukuta wa chumba cha watoto ukaota madoa meusi kutoka sakafuni hadi kiunoni. Nilipaka rangi, wiki tatu yakarudi, tena na harufu ya kiatu kilicholowa. Mdogo, miaka 4, anakohoa usiku na kifua kinalia kama filimbi. Tukienda kwa shangazi yake Kisumu wikendi, anatulia. Landilodi anasema eti sisi ndio tunapumua sana. Nisugue na jiki au nihame? Picha hizo mbili hapo chini.

FundiPolepole: Landilodi hajakosea kabisa. Dirisha likifungwa na nguo zikianikwa ndani, mvuke wote huishia ukutani, na baridi ya usiku ya Nakuru unaijua. Lakini madoa yanayopanda kutoka chini nayashuku ni maji ya ardhini. Nyumba nyingi za kupangisha hujengwa bila ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Pima hivi: futa sehemu ikauke, bandika nailoni kwa selotepu pande zote nne, ngoja siku mbili. Matone yakiwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani, huo ni mzigo wa landilodi. Yakiwa juu ya nailoni, ni mvuke wenu. Rangi usipake tena, hiyo ni kumvisha mgonjwa suti.

NesiMstaafu: Mtoto aende kliniki, na hiyo habari ya Kisumu mwambie daktari. Ukungu hurusha vijimbegu vidogo sana hewani, na mwenye pumu au mzio akivivuta, njia za hewa hubana. Kikohozi kikizidi wiki mbili wataangalia TB pia, usichukie. Kusugua: watoto watoke, vaa barakoa na glavu, lowesha ukuta kwa maji ya sabuni kwanza. Ukikwangua mkavu unazipanda mbegu chumba kizima. Na jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, moshi wake ni sumu.

Mkulima_Cherangany: Nyinyi mnaangalia ukuta. Mimi naangalia magunia kwenye picha ya pili. Ni mahindi?

MamaWawili_Nax: Ndiyo, manne. Mama alituma kutoka Kitale baada ya kuvuna, tunasaga debe moja moja. Kwani?

Mkulima_Cherangany: Mengine yameegemea ukuta huohuo, na chini ni simiti tupu. Ukungu wa ukuta utawakohoza, wa mahindi unaharibu ini. Kuna huu wa kijani-manjano, Aspergillus flavus, ndio unaotengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 kule Ukambani, Makueni na Kitui zikiongoza, walihesabiwa wagonjwa 317 na 125 wakafa. Waliochunguza waligundua mahindi yaliwekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Huku kwetu kwenye baridi tunasumbuliwa zaidi na Fusarium, ule wa waridi, ambao huingia hindi likiwa bado shambani, nao una sumu yake. Usidanganyike na kuosha, kuchemsha wala kukaanga. Aflatoksini hata haionekani, na sheria inaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo ya mahindi.

Fungua kila gunia, zamisha mkono hadi katikati. Ukikuta joto, punje zilizoshikana au rangi, hilo msile. Yaliyobaki yapime kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi, chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, yaache robo saa. Chumvi iking'ang'ania kioo, bado mabichi, yarudishe juani kwenye turubai. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

KijanaWaKondele: Si apee kuku tu? Ama busaa, watu hunywa na hawafi.

NesiMstaafu: Kuku hufa nayo. Ng'ombe huipitisha kwenye maziwa, yaleyale atakayopewa mtoto. Na busaa ni mahindi yaleyale, kulewa hakuondoi sumu. Asiyekufa leo, ini lake linaweka hesabu, hasa kama ana hepatitisi B.

MamaWawili_Nax: Nimerudi, siku nne sasa. Nailoni imelowa kwa ndani. Landilodi nimemtumia picha, kimya. Kliniki wamempa mtoto dawa ya kuvuta, TB hana. Magunia mawili yalipita chumvi, yako juu ya mbao sebuleni. Moja la ukutani lilikuwa na joto kama uji. La nne halikugusa ukuta lakini limejaa punje za waridi. Tumeyafukia yote mawili, kilo 180, nusura nilie. Mama sijamwambia. Nitaanzaje?

Mkulima_Cherangany: Mpigie leo. Hilo la waridi halikuharibikia Nakuru, lilitoka hivyo shambani. Na ghalani kwake bado anakula ya mavuno hayohayo.