Kisigino cha kushoto kwenye swingi ya gofu, kinyanyuke au kibaki chini?

TiiYaKwanza

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaocheza gofu humu, hasa mlioshusha hendikapu (mapigo ya ziada anayopewa mchezaji, yakiwa machache ndio bora) au mnaofundisha. Nacheza hapa Dar, hendikapu 22, mkono wa kulia, umri 47, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Kinachonisumbua ni miguu kwenye swingi, yaani kuzungusha fimbo kuupiga mpira. Tangu naanza naambiwa nyayo zigande chini, miguu itulie kabisa, mwili wa juu ndio uzunguke, na nimefuata hivyohivyo mpaka leo lakini nikipiga dreva (fimbo ndefu ya kuanzia) mpira unakata kwenda kulia karibu kila tii, yaani kila pa kuanzia shimo, nikipiga ayani (fimbo ya chuma) nachimba nyasi kabla ya mpira, halafu nikimaliza mashimo 18 kiuno kinakaza mpaka kesho yake kuinama kufunga kamba za viatu inakuwa kazi.

Sasa nimekuwa naangalia video za zamani za Jack Nicklaus, kisigino chake cha kushoto kinanyanyuka waziwazi akivuta fimbo nyuma, na huyo ndiye mwenye meja 18, yale mashindano makubwa kuliko yote. Nikija kwa Scottie Scheffler wa siku hizi, miguu inateleza hadi unadhani anaanguka. Wengine tena miguu imetulia kabisa na wanapiga mbali. Nimfuate nani hapo? Halafu kila mtu ananiambia "anza na nyonga", nikijaribu najikuta nausukuma mwili wote mbele na napiga vibaya kuliko mwanzo. Hiyo nyonga inaanzaje kwa vitendo?

MzeeWaPar

Mkuu kisigino kibaki chini. Kwa hendikapu 22 ukianza kunyanyua miguu unajiongezea kitu kingine cha kurudisha mahali pake kabla hujaufikia mpira. Nicklaus alipiga mipira kutwa tangu mtoto, wewe unacheza wikiendi. Fupisha swingi iwe robo tatu, shika mdundo, utaona.

RenjiNairobi

Heshima kwa mzee hapo juu, robo tatu ni ushauri mzuri na utamsaidia huyu ndugu, ila kwa kisigino sikubaliani naye na nafundisha watu wazima wa aina yake kila wiki kwa hiyo acha nieleze vizuri.

Tuanze na Nicklaus mwenyewe. Jack Grout aliyemfundisha tangu utotoni kule Columbus, Ohio, alikuwa anampigisha mipira visigino vyote vikiwa chini, alitaka ajifunze kulaza vifundo vya miguu, yaani ukivuta nyuma kifundo cha kushoto kinalalia ndani, ukishuka cha kulia nacho kinalalia ndani. Kisigino kunyanyuka kilikuja kama matokeo. Mabega yakizunguka sana yanavuta nyonga, nyonga inavuta goti la kushoto kuelekea kulia, goti likivutwa vya kutosha kisigino kinaachia chini chenyewe. Kinavutwa kutoka juu, sio yeye anayekinyanyua kwa makusudi. Mtu mwenye nyonga laini anaweza kuzunguka kote huko kisigino kikiwa chini, ndio maana vijana wengi unaowaona kwenye TV hakiwanyanyuki. Lakini mtu wa miaka 47 anayekaa kwenye kiti kutwa, ukimgandisha kisigino nyonga inakwama mapema, nyonga ikikwama mikono inaendelea kupanda peke yake, na mikono iliyopanda peke yake inashuka peke yake, inatokea kwa nje inaukata mpira kuja ndani, hiyo ndio slaisi yako, yaani mpira kukata kwenda kulia. Na kule kuchimba nyasi nako kunatoka hapohapo, kwa sababu uzito umebaki mguu wa kulia na fimbo inafika chini mapema.

Scheffler naye watu wanamuelewa vibaya sana. Mwangalie tena polepole uone miguu inateleza wakati gani. Akivuta nyuma imetulia. Mguu wa kulia unaanza kuteleza anaposhuka na kuupiga mpira, uzito ukiwa ushahamia kushoto, na mguu ambao haujabeba uzito unaenda popote mwili unapoupeleka. Greg Norman, bingwa wa zamani, pia mguu wa kulia ulikuwa unateleza. Kocha wake Scheffler, Randy Smith, yuko naye tangu mtoto na hakuwahi kumlazimisha agande, na leo ana Masters mbili, 2022 na 2024, na mwaka 2025 kachukua PGA Championship na The Open.

Kwa hiyo usimuige miguu mtu yeyote kati ya hao. Iga kitu ambacho wote wanacho, wenye kisigino juu na wenye kisigino chini, nacho ni MUDA. Uzito unaenda kulia mapema, fimbo ikiwa bado iko chinichini, halafu unaanza kurudi kushoto kabla mikono haijamaliza kupanda. Rudia kusoma hapo. Kabla mikono haijamaliza kupanda. Mchezaji wa wikiendi anapanda mpaka juu kabisa uzito wote ukiwa kulia, anasimama, ndio anakumbuka "anza na nyonga", na kushuka kote kunachukua kama robo ya sekunde tu, hakuna binadamu anayeweza kuiamrisha nyonga ndani ya muda huo, anachopata ni kuusukuma mwili mzima na kichwa mbele ya mpira. Ndio hicho unachokielezea.

Okota jiwe ulirushie embe lililo juu kwenye tawi. Angalia mguu wako wa mbele, unakanyaga chini huku mkono bado unaenda nyuma. Hakuna mtu alikufundisha hivyo na hujawahi kukosea mpangilio wake. Swingi ni kitu hichohicho, tunakiharibu tu kwa kuwaambia watu wasimame tuli.

Zoezi lake: chukua ayani 8, simama miguu imebanana, vuta fimbo nyuma taratibu, fimbo ikikaribia juu piga hatua fupi ya mguu wa kushoto kuelekea unakolenga, kanyaga kwanza kisha acha mikono ishuke. Anza bila mpira. Baadaye weka mpira kwenye tii fupi (kile kijiti cha kuwekea mpira), utaanza kwa kuipiga kichwani au kuikosa, endelea tu usiongeze nguvu. Ukishazoea simama kawaida, acha kisigino cha kushoto kiachie kidogo kikitaka, na badala ya kupiga hatua unakikanyagisha tu chini. Hicho kukanyaga ndio ishara ya kuanza, sahau kabisa neno nyonga, yenyewe itafuata.

Mashindano ya Kenya Open ya 2024 pale uwanja wa Muthaiga, Nairobi, ile aliyochukua Darius van Driel, niliamua siku moja nisifuate mpira hata mmoja, nikae kando ya tii niangalie viatu tu. Kila mtu na namna yake kabisa. Lakini wakati mpira unaguswa karibu wote kisigino cha kulia kilikuwa kishaachia nyasi, na uzito umeshakaa kushoto. Hilo ndilo la kulinda.

FizioPwani

Kaka TiiYaKwanza mimi nafanya fiziotherapia Mombasa na wacheza gofu wenye kiuno nawapata sana, kwa hiyo naomba niongezee upande huo. Uti wa mgongo wa chini haukuumbwa kuzunguka sana, kazi ya kuzunguka ni ya nyonga na mgongo wa juu, sasa ukizizuia nyonga kwa kugandisha miguu halafu ukataka mabega yafike kule nyuma, huo mzunguko lazima utoke mahali, na unatoka kiunoni. Kwa umri wako na kazi yako mimi ningeruhusu kisigino kiachie bila hata kujadiliana.

Jipime hivi. Kaa kwenye kiti, magoti yamekunjwa kawaida, paja lisitoke kwenye kiti, peleka unyayo nje mbali na mwenzake. Huko ndiko nyonga kujizungusha kwa ndani. Fanya kushoto, fanya kulia, linganisha. Kama ya kulia ni fupi, fungua kidogo ncha ya mguu wa kulia unaposimama kwenye mpira, utapata nafasi ya kwenda nyuma. Kama ya kushoto ni fupi, fungua wa kushoto, maana baada ya kupiga mwili mzima unazungukia juu ya nyonga hiyo na isipopokea goti ndilo linaumia. Ben Hogan, bingwa wa zamani, alikuwa anafundisha mguu wa kulia uelekee mbele moja kwa moja na wa kushoto ufunguliwe nje kidogo, ni mwanzo mzuri lakini nyonga zako ndizo ziamue mwisho, sio za Hogan.

Na tafadhali, mkishaelewa habari ya kukanyaga kushoto msiende kupigiliza goti linyooke kwa nguvu zote. Tiger Woods alipokuwa kijana alikuwa analinyoosha goti la kushoto kwa kishindo ili apate umbali, na mnakumbuka 2008 pale Torrey Pines alivyoshinda US Open goti hilohilo likiwa na ligamenti iliyochanika na mguu wenye nyufa za mfupa, msimu wake ukaishia hapo. Goti linyooke, sawa, lakini linyooke huku nyonga inazunguka na unyayo una ruhusa ya kugeuka kidogo.

Kingine, kama hayo maumivu yanashuka mpaka mguuni au unapata ganzi, nenda hospitali kwanza kabla ya zoezi lolote la humu.

TiiYaKwanza

Asanteni sana aisee, sijawahi kuelezwa hivi. Dada FizioPwani nimejipima, ya kushoto ni fupi kabisa ukilinganisha na ya kulia, na ganzi sina, ni kukaza tu. Ile hatua nimeijaribu uani bila mpira na kwa mara ya kwanza nimesikia fimbo ikivuma mbele yangu badala ya kuvuma nyuma. Maswali mawili ya haraka, kwenye renji yetu (uwanja wa mazoezi) tunapiga juu ya mati, yaani mikeka ya nyasi bandia, na viatu vya meno vinang'ang'ania hapo, inakuwaje? Na kwenye bunka (shimo la mchanga) na chipu (pigo fupi la karibu na shimo) miguu nayo inatembea hivihivi?

MzeeWaPar

Kwa maelezo ya dada hapo juu mimi kisigino nimekubali kwa huyu bwana, kiuno ni kiuno. Ila asipeleke mashindanoni mapema, azoee renji kwanza kisha mashimo tisa ya jioni bila kuandika kadi ya mapigo.

RenjiNairobi

Sawa kabisa mzee. TiiYaKwanza, kwenye mati vaa raba za kawaida zenye soli bapa, meno yanagandisha unyayo wakati goti linataka kugeuka na hapo ndipo watu wanaumia. Ukipata nyasi safi nyumbani fanya lile zoezi peku, bingwa wa zamani Sam Snead alikuwa anapenda kufanya mazoezi peku na mwendo wake wa miguu ulikuwa mtamu sana, mtu ukiwa peku huwezi kulazimisha nguvu, utateleza.

Bunka ni habari nyingine, chimbia viatu kwenye mchanga upate kusimama imara, uzito uwe kushoto tangu mwanzo na ubaki hukohuko, huko chini tuliza. Chipu vilevile uzito kushoto, miguu karibu karibu, ila magoti yasikauke, goti la kulia liruhusu kusogea kidogo pamoja na mikono la sivyo mkono wa kulia utaipindua fimbo uchimbe.

Na kwa kuwa nyonga yako ya kushoto ndio fupi, fungua mguu wa kushoto kama dada alivyosema na chukua video kutoka mbele, simu usawa wa kiuno, dreva moja na ayani moja, iweke hapa tuone unakanyaga wakati gani.