Mafunzo kwa vitendo ya haki za binadamu Geneva: maombi hukwama wapi?

Wakuu, nasoma sheria, mwaka wa mwisho. Nataka kwenda Juni hadi Agosti. Maombi hukwama wapi hasa?

— Sampuli ya maandishi, mkuu. Watu hutuma tasnifu nzima, nani ataisoma? Toa kurasa 5 hadi 10 zinazochambua hoja moja: mfano kifungu cha 14 (haki ya kusikilizwa kwa haki mahakamani) cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa (1966), ukitumia Maoni ya Jumla Na. 32, yaani ufafanuzi wa kifungu hicho uliotolewa na Kamati ya Haki za Binadamu, chombo kinachosimamia mkataba huo.

— Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hailipi. Nauli, bima, pango ni juu yako, na pango la Geneva linauma.

— Juni Baraza la Haki za Binadamu huwa kikaoni, kwa hiyo jizoeze kuandika muhtasari wa mijadala haraka.