Tupeane uzoefu: swali lililosimamisha chemsha bongo ya shule zenu

Mwanzisha mada

Wanajukwaa wenzangu, nimetunga maswali ya chemsha bongo za shule jirani kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo sikumbuki ugomvi hata mmoja ulioanzishwa na mwanafunzi asiyejua jibu. Asiyejua hukaa kimya, au hubahatisha akakosa, na mashindano yakaendelea. Ugomvi wetu uliletwa na mwanafunzi aliyejua kuliko karatasi iliyokuwa mkononi mwa msoma maswali. Naomba basi tusimuliane jambo hilo moja tu: swali lililosimamisha mashindano nawe ukiwemo ukumbini, uwe mshiriki, mwamuzi, au mzazi uliyekaa viti vya nyuma.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Niliuliza ni nchi gani kubwa kuliko zote barani Afrika kwa eneo, na jibu nililokuwa nimeandika ni Sudan, kwa kuwa swali hilo nililitoa katika bunda la zamani nililokuwa nikilirudufu kila msimu bila kulisoma upya. Sudan Kusini ilikuwa imekwisha kujitenga tarehe 9 Julai 2011, na Algeria, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 2.38, ndiyo iliyokuwa imeshika nafasi ya kwanza. Binti wa timu iliyokuwa nyuma kwa alama alijibu Algeria, nikamwambia amekosa. Swali likahamia kwa wapinzani wao, wakajibu Sudan, nikawapa alama na makofi yakapigwa. Yule binti hakulia wala hakubisha, alinyoosha mkono, akaruhusiwa kusema, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, Sudan ipi?"

Jopo lilikaa dakika ishirini. Kilichotutesa si jibu, maana jibu lilijulikana mara tu ramani mpya ilipofunguliwa; kilichotutesa ni kwamba maswali mengine matatu yalikuwa yamekwisha kuulizwa, na kila timu ilikuwa imeyajibu ikijua iko mbele au iko nyuma. Tuliamua kulifuta swali na kuuliza jingine. Timu ya binti ikalikosa hilo jipya, ikashindwa kwa tofauti ya alama zilezile ambazo ingepata kama ningemsikiliza tangu mwanzo. Nilimwomba radhi mbele ya watu, naye akaitikia, lakini kombe lilikuwa limekwenda kwingine.

Mchangiaji wa pili

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma habari yako nikajiona mimi ndiye yule binti, ingawa langu lilikuwa swali la jangwa. Tuliulizwa jangwa kubwa kuliko yote duniani, nami nikajibu Antaktika, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kwamba jangwa hupimwa kwa uchache wa mvua na theluji inayoanguka, si kwa mchanga wala joto. Mwamuzi aliniuliza kwenye kipaza sauti kama nimewahi kuona jangwa la barafu, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Jibu lililokubaliwa lilikuwa Sahara. Sahara ina kilomita za mraba zipatazo milioni 9, Antaktika inakaribia milioni 14. Kama mtunzi angeongeza maneno mawili tu, "la joto", pasingekuwa na ubishi wowote, na mimi ningejibu Sahara kama wenzangu. Alama nilikwisha kuzisahau. Kile kicheko, hapana. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo nilikuwa nikijua jibu darasani nisinyooshe mkono.

Mchangiaji wa tatu

Sisi letu lilikuwa la hesabu: 6 ÷ 2(1 + 2). Timu moja ikasema 9, nyingine ikasema 1, na walimu wawili wa shule moja wakaanza kubishana wao kwa wao pale mezani. Anayekwenda kutoka kushoto kuelekea kulia hupata 9. Anayeihesabu 2 iliyobandikwa kwenye mabano kuwa kitu kimoja na mabano hayo hupata 1. Swali lilikuwa limeandikwa vibaya, basi. Tulilitupa, tukaendelea.

Mchangiaji wa nne

Mimi nilikuwa mtunza saa, na ninavyoona, tatizo halikai kwenye karatasi peke yake. Mwanzoni tulitumia mikono: anayenyoosha kwanza ndiye anayejibu. Macho ya waamuzi watatu yaliona mikono mitatu tofauti, tukachoka. Fundi mmoja akatutengenezea vitufe vyenye taa, ambapo anayebonyeza kwanza taa yake huwaka na vitufe vya wengine hukatika umeme papo hapo. Tukadhani tumemaliza kazi.

Ndipo wanafunzi wakajifunza kubonyeza kabla swali halijaisha. Msoma maswali alianza, "Mlima mrefu kuliko yote duniani...", taa ikawaka, kijana akasema "Everest" kwa sauti ya ushindi. Swali lenyewe lilikuwa linauliza mlima huo uko mpakani mwa nchi zipi mbili. Akahesabiwa amekosa, swali likasomwa lote kwa timu ya pili, nao wakajibu Nepal na China bila haraka. Wazazi wa upande wa kwanza wakasimama wakidai kwamba wapinzani wamependelewa kwa kusomewa swali zima. Kanuni iliruhusu hivyo kabisa: anayekatiza hubeba hatari ya kukatiza. Lakini kanuni hiyo ilikuwa kwenye faili la katibu, na asubuhi ile hakuna aliyewasomea wanafunzi. Ningekuwa mzazi, nami ningesimama.

Mchangiaji wa tano

Mimi si mwalimu. Siku hiyo nilikwenda kubeba chupa za maji tu. Mwanangu aliulizwa mji mkuu wa Afrika Kusini. Akaanza kueleza kwamba serikali iko Pretoria, Bunge liko Cape Town, na Mahakama ya Juu ya Rufaa iko Bloemfontein. Akaambiwa ataje mji mmoja. Akasema hawezi kutaja mmoja kwa sababu iko mitatu. Muda ukaisha, akahesabiwa hakujibu. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza kama angedanganya kidogo angepata alama, nikakosa la kumwambia.

Mchangiaji wa sita

Nimekuwa mwamuzi mkuu mara kadhaa, na naomba nitofautiane kidogo nanyi, kwa heshima. Simulizi zote hapo juu zinamhusu mwanafunzi aliyekuwa sahihi. Wapo pia watu wazima wasiokubali kushindwa. Mwanafunzi mmoja alijibu kwamba sayari za mfumo wa jua ni 8, jibu likakubaliwa, na mwalimu mlezi wa timu pinzani akapanda jukwaani na kitabu kinachoonyesha 9. Kitabu kilikuwa halisi, ila kilichapwa kabla ya tarehe 24 Agosti 2006, siku ambayo wanaanga waliokutana Prague waliiweka Pluto katika kundi la sayari kibete. Tulipoteza nusu saa kumshusha mtu mzima jukwaani mbele ya watoto.

Tangu hapo kwetu rufaa ni moja kwa kila timu, hutolewa kabla swali linalofuata halijaanza kusomwa, na hutolewa na nahodha, si mwalimu wala mzazi. Mwalimu wa kwanza, kama mngekuwa na utaratibu huo, yule binti angeuliza "Sudan ipi?" akiwa na haki ya kuuliza, na yale maswali matatu yasingekuwa yamepita.

Mwanzisha mada

Ndugu mwamuzi, hilo nalikubali bila kipingamizi. Kwa upande wangu, siku hizi kila jibu linalohusu nchi, idadi au urefu naliandikia mwaka niliolihakiki. Kisha nawapa watu wawili maswali bila majibu, kila mmoja akiwa peke yake. Swali linalorudi na majibu mawili naliondoa, hata kama nalipenda. Mengi niliyoyapenda yameondoka kwa njia hiyo.

Mama uliyebeba maji, mwanao alirudi kushindana msimu uliofuata?

Mchangiaji wa tano

Hakurudi, Mwalimu. Ila ana daftari la maswali yenye jibu zaidi ya moja, ambalo alilianza usiku uleule, na ukurasa wa kwanza ni ile miji mitatu. Yamefika arobaini na moja. Akiniruhusu, nitakuletea uyapitie kabla hujatunga ya msimu ujao.