Nusu ya darasa la tatu hawajui kusoma na walimu wamenisusa. Naomba ushauri

Mwalimu_Mpya
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, mkoa naomba nisiutaje. Nina mwezi wa nne kwenye kiti. Mwezi uliopita niliwapima kusoma watoto wa darasa la tatu, mmoja mmoja. Kati ya 118, watoto 61 hawawezi kusoma aya fupi ya kitabu cha darasa la pili. Wengine wanaishia kwenye silabi. Nikabandika matokeo ofisi ya walimu.

Tangu siku hiyo walimu hawakai na mimi chai ya saa nne, na maandalio ya somo wananitumia kwa mkono wa mwanafunzi. Mwakani watoto hawa wana upimaji wa darasa la nne. Usingizi sipati. Nifanyeje walimu warudi?

Kisiki_cha_Mpingo
Pole sana mwalimu. Dawa ni ukali. Mwalimu mkuu wetu alikuwa anapita madirishani kila kipindi, ukisikia viatu vyake hata mwalimu anasimama wima. Mimi nilijua kusoma kwa kuviogopa vile viatu. Siku hizi mnabembelezana mno.

Mama_Nuru
Wazazi tulaumiwe pia. Wangu yuko la nne. Kila Ijumaa anafanya jaribio, natoa hela ya karatasi, daftari linarudi na "vema". Juzi nimempa gazeti anisomee, akaanza kunieleza picha. Nililia. Ni nani aliyekuwa anaandika hiyo "vema"?

Jembe_la_Ubaoni
Madam, swali moja. Ulibandika nini hasa? Idadi ya watoto, au majina ya walimu?

Mwalimu_Mpya
Majina ya walimu wa mikondo yote miwili yalikuwepo, na idadi ya wasiojua mbele ya kila jina. Lakini nia yangu ilikuwa njema, nilitaka kila mmoja aone alipo. Na niseme ukweli, mwalimu wa mkondo B nimeshamwandikia barua ya kumtoa madarasa ya chini. Sijamkabidhi. Naona ni haki, watoto 40 kati ya hao 61 ni wake.

Jembe_la_Ubaoni
Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, wewe unaanzisha orodha ya walimu ukutani? Halafu mtoto hafiki la tatu kwa mwezi mmoja. Darasa la kwanza aliwafundisha nani?

Pwani_Raha
Hapo penyewe. Mleta mada jibu.

Mwalimu_Mpya
Niliwafundisha mimi. Hapa hapa, kabla sijateuliwa. Walikuwa mkondo mmoja, chumba kimoja, dawati moja watoto watano. Mwisho wa mwaka nilijaza taarifa ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwamba wengi wanajua kusoma. Walikuwa wanaitikia wote kwa pamoja, niliamini wanajua. Mniambie, kwa idadi ile nani angemsikiliza mtoto mmoja mmoja?

Mama_Nuru
Na huyo wa mkondo B si atakuuliza hivyo hivyo?

Mzee_Kikombe
Mimi naona chai, hadithi ya kutunga. ID ya juzi, na visa vimekaa kwa mpangilio kama tamthilia. Mwalimu mkuu mwenye vikao vya kata, taarifa za kila wiki na ujenzi wa vyoo apate wapi muda wa kupima watoto 118? Huyu ni mtu wa shirika anatafuta maoni ya kujazia andiko.

Pwani_Raha
Kweli mkuu, hata mimi nilishtuka. Aweke fomu tuione.

Kisiki_cha_Mpingo
Kama ni chai nirudishiwe muda wangu.

Sauti_ya_Kijiji
Muda unatosha. 2011 nilijitolea kwenye Uwezo, ule upimaji wa watoto kusoma na kuhesabu, tulipita nyumba kwa nyumba. Mtoto anasoma silabi, maneno, aya, kisha hadithi. Anapokwama ndipo ngazi yake. Ni dakika chache tu, na huhitaji mashine. Kazi inaanza baada ya kupima. Shirika la Pratham kule India wanawapanga watoto kwa ngazi hizo badala ya madarasa, kwa saa moja au mbili kila siku. Wa silabi wanakaa pamoja, hata kama mmoja ni wa la tatu na mwingine wa la tano.

Mwalimu_Mpya
Nilikaa chini ya mwembe siku nne, kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu, kila mtoto dakika tano. Fomu ina majina ya watoto wa watu, siiweki hapa. Asiyeamini aache.

Mzee_Kikombe
Jibu la mwenye chai.

Bibi_Mstaafu
Muacheni. Mwanangu, nimeshika chaki miaka 34. Ile karatasi ibandue mwenyewe, walimu wakikuona. Kikaoni anza na taarifa yako ya darasa la kwanza, isome yote, ndipo uguse mkondo wa mtu. Barua usiitoe. Kisha chukua wa silabi uwafundishe wewe, kila asubuhi, na huyo wa mkondo B mwombe achukue wa maneno. Kila baada ya wiki mbili mnapima tena, mnahamisha aliyepanda.

Mwalimu_Mpya
Asante mama. Kubandua nitabandua. Kusoma taarifa yangu mbele yao sijui kama nitaweza, Afisa Elimu Kata huwa anahudhuria vikao vyetu. Barua bado iko kwenye droo.

Bibi_Mstaafu
Nimekuelewa. Na hao 61, leo darasani wamefanya nini?

Mwalimu_Mpya
Wamenakili habari ya ubaoni. Miandiko yao mizuri, mama. Nimemwita mmoja anisomee alichoandika, akanisomea habari ya jana.